Dengu Moja Iliyobaki Kwenye Ungo

Mwezi uliopita tulimzika Mama Kulwa. Niliondoka Kalangalala, ninakoishi sasa, alfajiri, nikafika msibani wanawake wakiwa wameshabandika masufuria nyuma ya nyumba na wanaume wakibishana kuhusu mahali pa kuchimba kaburi, maana udongo wa kule una mawe. Kulwa na Doto, mapacha wake niliowaacha wakiwa watoto wa kukimbizana na kuku, sasa ni wanaume wenye vitambi na simu mbili mbili. Baada ya maziko, tukiwa tumekaa kwenye mikeka tunakula, Kulwa akaniambia mbele ya wageni wake wa mjini, "Mwalimu Regina, hebu wasimulie hawa ile Krismasi ya dengu." Watu wakageuka kunitazama, wengine wameshaanza kutabasamu. Nimeisimulia hadithi hiyo mara nyingi, kwenye harusi, kwenye vikao vya walimu, hata kwenye sherehe yangu ya kustaafu, na kila mara watu wamecheka na kunipigia makofi. Huwa naikatisha mahali ninapoonekana nina akili. Siku ile nikasema nina mafua na sauti imekauka. Nilikuwa naona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya zamani. Nimekaa nayo wiki tatu na nimeona niiandike yote, pamoja na kile kipande ambacho sijawahi kumsimulia mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu mpya wa hesabu, na kijiji hicho cha Mama Kulwa ndicho kilikuwa kituo changu cha kwanza. Kijiji sitakitaja jina, kwa sababu wahusika wengine bado wanaishi pale na wajukuu wao. Kiko upande wa Shinyanga, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka machimbo ya Buzwagi, na mwaka ule kila kijana mwenye nguvu alikuwa amekwenda kuchimba au alikuwa anajiandaa kwenda. Shule haikuwa na nyumba za walimu. Nikapewa chumba katika mji wa Mama Kulwa, ndivyo wanavyoita boma la familia, chumba cha tofali za udongo chenye kitanda cha kamba, meza moja na dirisha dogo linalotazama jikoni. Kuta hazikufika kwenye bati. Juu palikuwa na uwazi wa kama mikono miwili, na kupitia hapo yalipita yote: moshi, harufu ya maziwa yanayochemka, vikohozi, na maneno. Asubuhi Mama Kulwa aliniletea michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa pamoja na karanga, akisimama mlangoni mpaka niutie wa kwanza mdomoni, maana aliniona mwembamba na alikuwa na hofu kwamba nitamfia mikononi. Hakujua kusoma. Alikuwa na tabia moja iliyonichosha wakati ule, nayo ni kushika neno la mtu kama lilivyosemwa. Ukimwambia utarudi saa kumi, saa kumi anakutazamia njiani. Ukimwambia weka chumvi kidogo, anakuuliza kidogo kiasi gani. Mimi niliyejiona bingwa wa usahihi nilimwona msumbufu.

Mumewe, Baba Kulwa, alikuwa katibu wa sungusungu, lile jeshi la wanakijiji linalolinda mifugo na kuhukumu kesi. Alikuwa mtu mpole mwenye mwandiko mzuri, na nadhani alipewa ukatibu kwa ajili ya mwandiko huo. Mwezi wa Septemba kikao kilimtenga Mama Minza, mjane aliyeishi ng'ambo ya mbuga pamoja na binti yake. Kosa lake lilikuwa kutokwenda kwenye msiba wa jirani. Alikuwa Buzwagi akiwauzia wachimbaji chakula, na aliporudi kaburi lilikuwa limeshakauka. Wakamtoza mbuzi. Angeweza kumtoa, mbuzi alikuwa nao, lakini alisimama kikaoni akasema hawezi kutozwa kwa habari ambayo hakuna aliyemletea. Wakamtenga. Asiyeyajua mambo hayo atadhani ni kununiwa tu. Kutengwa kule maana yake ni kwamba hakuna anayekuamkia wala kukuitikia, huazimwi moto, husagiwi nafaka, ng'ombe wako akizama kwenye tope unamvuta peke yako, na ukifa huzikwi na watu. Anayekuamkia anatengwa pia, yeye na mji wake mzima. Jioni ya siku ile nilikuwa nasahihisha madaftari nikawasikia Baba Kulwa na mkewe wakizungumza jikoni, Mama Kulwa akipukuchua mahindi kwa nguvu kuliko kawaida.

"Jina lake umeliandika wewe? Kwa mkono wako?"

"Mimi ni katibu. Naandika kinachosemwa."

"Wanao hawa nani aliwapokea? Wamekuja wawili, mmoja katanguliza miguu, nani alikuwepo? Wewe ulikuwa mnadani."

"Mama Kulwa, unataka na sisi tutengwe? Unataka Kulwa na Doto wakose pa kuchota maji?"

"Yaya," alisema, yaani hapana kwa Kisukuma, na mahindi yakaendelea kudondoka kwenye beseni. Nilibaki na kalamu juu ya daftari, nikajiambia kwamba mimi ni mgeni, kazi yangu ni hesabu. Shuleni kutengwa hakukuruhusiwa, shule ilikuwa ya serikali, ila watoto walikuwa na sheria yao. Minza, binti wa Mama Minza, alikuwa darasa la tano, hodari kuliko wavulana wote wa darasa lake, na kuanzia wiki ile alikaa dawati lake peke yake. Wenzake watatu walihamia kwenye dawati la nyuma wakabanana watu sita. Mimi niliendelea kumfundisha na kumuuliza maswali kama wengine, nikaona inatosha.

Ilipofika Majilio, zile wiki nne za kuingojea Krismasi, nilikuwa nimechoka na ukimya wa kijiji. Nikamwomba katekista wetu, mzee mnene mcheshi aliyetuongozea ibada za kigango kwa kuwa padri alikuja kwa nadra, aniruhusu kila Jumapili baada ya ibada niwape watu fumbo moja la hesabu la kusubiria Noeli. Alicheka, akasema hajawahi kusikia hesabu ikimsubiri mtu yeyote, kisha akakubali. Jumapili ya kwanza nilichora chini kwa chaki nyota ya pembe sita na kuweka duara dogo kwenye kila pembe na kila makutano ya mistari, jumla duara kumi na mbili, nikawaambia wapange namba moja hadi kumi na mbili ili kila mstari wa nyota ulete ishirini na sita. Waliinamia nyota ile hadi jua likawa utosini, akina mama wakiwa na watoto mgongoni wakigombana kuhusu pa kuweka saba. Jumapili ya pili nilileta chapati moja na kisu, nikauliza ni vipande vingapi vinaweza kupatikana kwa kukata mara tatu tu bila kuikunja wala kuipanga upya. Wote walisema sita. Nilipokata vikatoka saba palikuwa na kelele mpaka mbuzi wa katekista wakakata kamba. Na aliyekata vizuri kuliko wote, baada ya kuniona mara moja, hakuwa Mkristo wala hakuwahi kukaa darasani. Alikuwa Mzee Masanja, kamanda wa sungusungu.

Mzee Masanja alikuwa anapita tu, akasimama, akaegemea fimbo yake, na tangu siku hiyo hakukosa. Nyota ya ishirini na sita, niliyomchorea siku hiyo, aliimaliza siku ya tatu akitumia mbegu za bao, akaja shuleni kuniita nje ya darasa aniwekee mbele. Nilifurahi kupita kiasi. Katika mwaka mzima ule hakuna mkubwa wala mdogo aliyelipenda somo langu kama yeye, na ninakiri kwamba nilianza kuchagua mafumbo ya kumridhisha yeye. Alikuwa na macho ya taratibu, hasemi mpaka amemaliza kufikiri. Nilijua kwamba ndiye aliyemtenga Mama Minza. Nilijua na nikaliweka pembeni.

Fumbo la Krismasi lenyewe lilikuwa la kupeana mikono. Niliwaambia hivi: kila mtu mzima nitampa kikaratasi chenye dengu. Kuanzia amina ya mwisho mpaka kengele igongwe, kila ukimshika mtu mkono toa dengu moja uitie mfukoni au uifunge kwenye pindo la khanga. Watoto hawamo. Kengele ikigongwa, wote wamwage dengu hizo kwenye ungo mmoja, na mimi nitasema kabla hazijahesabiwa kwamba zitakuwa shufwa, zitagawanyika mbili mbili bila kubaki hata moja. "Haijalishi mmeamkiana mara ngapi," niliwaambia. "Mkiamkiana, wewe unatia moja na yeye anatia moja. Kila mkono unazaa dengu mbili. Mbili na mbili na mbili haziwezi kubakiza moja." Mzee Masanja alifikiri, akauliza, "Na mtu akijishika mkono mwenyewe?" Watu wakaangua kicheko. "Anatia mbili vilevile, mzee," nikajibu, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tulifanya majaribio Jumapili mbili. Katekista alizivuta dengu kwenye ungo mbili mbili kwa vidole vyake vinene, na mara zote mbili hazikubakiza kitu. Watu walinitazama kama nimefanya kiinimacho, nami nilijiona nimekuwa mtu wa maana.

Sasa niseme jambo ambalo huwa silisemi kwenye harusi. Mama Minza alikuwa anakuja kanisani. Katekista hakuwa na ubavu wa kupingana na sungusungu, lakini alisema wazi kwamba mlango wa kanisa hakuujenga yeye, kwa hiyo Mama Minza aliingia wa mwisho, akakaa benchi la nyuma peke yake na binti yake, akatoka bila kuamkiwa. Jumapili zote mbili za majaribio nilipita na kikapu changu cha vikaratasi nikawapa watu wote, benchi kwa benchi, nikampita yeye. Hakuna aliyeniambia nimpite. Asubuhi ya Krismasi nilikuwa nimevaa gauni jipya la kitenge na kanisa limepambwa kwa matawi na puto. Nilifika benchi la nyuma, akanyoosha kiganja chake akiwa ananitazama usoni. Nilijua mgongoni kwangu watu wananiangalia. Nikasema "samahani" kwa sauti ambayo sidhani aliisikia, nikageuka na kikapu kikiwa bado na vikaratasi vitano au sita. Nilijiambia kwamba ni kanuni ya mchezo, kwamba asiyeamkiwa hana haja ya dengu. Kwa hesabu nilikuwa sahihi.

Baada ya amina ya mwisho uwanja ulijaa. Watu walisalimiana kwa furaha ya kweli, "Mwangaluka! Heri ya Noeli!", wengine wakirudi kushikana mara ya pili ili tu watoe dengu nyingine. Mimi nilizunguka nyuma ya kanisa kuchukua nondo ya kugongea kengele yetu, rimu kuukuu la lori lililotundikwa kwenye mti. Hapo, kati ya ukuta na pipa la maji ya mvua, nikamwona Mama Kulwa. Alikuwa ameshika mkono wa Mama Minza kwa mikono yake yote miwili, amepiga goti kidogo kama mtu anavyomwamkia mkubwa wake. Hawakuniona. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikasubiri, kisha nikagonga rimu kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa. Nilikuwa na hofu juu yake na hata sikufikiria ungo. Nani angeweka dengu kwa ajili ya mkono ambao ukijulikana utamwangamiza?

Chakula kilikuwa nyumbani kwetu, maana ulikuwa mji wenye ua mkubwa. Kulikuwa na wali, mbuzi wa mchuzi, chapati, na maziwa ya mgando ndani ya vibuyu. Tulikaa kwa duara, akina baba kwenye viti na akina mama kwenye mikeka, Mzee Masanja kwenye kiti chenye mgongo, na Baba Kulwa pembeni yake. Mama Kulwa alikuwa amesimama kwenye sufuria la wali na upawa mkononi. Nikaweka ungo katikati. Kila mmoja akaja akamwaga dengu zake, wengine wakifungua pindo za khanga kwa meno, watoto wakipiga makofi. Nikatangaza kwa madaha, "Shufwa!" Katekista akapiga magoti na kuanza kuvuta. Mbili, mbili, mbili. Rundo likapungua, watu wakahesabu naye kwa sauti moja, mbili, mbili, mpaka zikabaki chache, na zilipokwisha jozi zote ilikuwepo moja, katikati ya ungo, peke yake.

Kikazuka kicheko. "Mwalimu leo umeshindwa!" Katekista akanifumbia jicho, akasema, "Mtu kasahau tu. Sikukuu hii, nani anakumbuka dengu?" Mzee yule alikuwa amenipa mlango wa kutokea, na mimi ningeweza kucheka nikasema kweli, mtu kasahau. Mzee Masanja hakucheka. "Jumapili mbili hakuna aliyesahau," alisema. "Leo ndiyo wamesahau?" Aliniangalia kama mwanafunzi anayemngojea mwalimu wake asimwangushe. Na mimi, Mungu anisamehe, nilichomwa na kile kicheko. Nilikuwa nimeahidi mbele ya watu wote kwamba hesabu haiwezi kukosea. Mdomo ulitangulia. "Hawajasahau," nikasema. "Hesabu iko sawa. Kuna mkono umeshikwa ambao mwenyewe hakuwa na dengu."

Neno lilipokwisha kutoka nilimwona Mama Kulwa ameacha kupakua. Wali ulikuwa kwenye upawa, na upawa uko hewani. Watu hawakuhitaji muda, mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha kwa wiki nne. Mzee Masanja alisema polepole, "Watu wazima wote waliokuwa pale kanisani walikuwa na dengu, isipokuwa mmoja." Hakulitaja jina, halikutajwa tangu Septemba. Akamgeukia Baba Kulwa. "Katibu, chukua daftari. Kila mtu ataje mikono aliyoishika, mmoja mmoja, tuanzie huku kushoto." Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, na upole ule ndio ulionitisha zaidi, "Mwalimu, tukiandika majina yote, utampata?"

Ningempata. Ukiwa na orodha zote unalinganisha tu: fulani kasema kamshika fulani, na fulani naye kasema hivyo hivyo, unakata jozi moja baada ya nyingine mpaka ubaki na mkono usio na mwenzake. Kazi ya nusu saa kwa chaki na ubao. Alijua kwamba naweza, na nilijua kwamba uongo wangu angeugundua. Baba Kulwa alikuwa ameshatoa daftari. Kabla ya kulifungua alimtazama mkewe, na hapo nikaelewa kwamba naye amejua, au amehisi. Doto alikuwa anamvuta mama yake khanga akidai nyama. Nilijaribu kufikiri kwa haraka kuliko nilivyowahi kufikiri katika mtihani wowote, na kilichonijia ni kitu kidogo, cha kweli, ambacho wiki nne zote sikuwa nimekisema.

"Nitampata, mzee," nikasema. "Ila siwezi kuahidi kwamba atakuwa mmoja."

"Dengu iliyobaki ni moja."

"Ndiyo. Lakini wangekuwa watatu, ingebaki moja vilevile. Dengu tatu, mbili zingekaa pamoja na hakuna ambaye angejua. Wangekuwa watano, moja. Wangekuwa kumi na tisa, moja. Hesabu haisemi ni mtu mmoja, mzee. Inasema tu kwamba si wawili wala wanne." Sauti ilikuwa inanitoka puani kwa hofu. "Na zile Jumapili mbili ambazo hazikubakiza kitu, sijui kama hapakuwa na mtu, au walikuwa wawili."

Alifikiri. Niliona anazipanga dengu kichwani, anaziweka mbili mbili, anaona kwamba ni kweli. Kisha akainua macho akawatazama watu wa duara ile mmoja baada ya mwingine, na mimi nikawatazama pamoja naye. Kuna aliyekuwa anachunguza kucha zake. Kuna aliyekuwa anamfunga mtoto kifungo kilichokwisha kufungwa. Katekista alikuwa bado amepiga magoti mbele ya ungo ameinamisha kichwa. Baba Kulwa akasema kwa sauti ndogo, kalamu ikiwa juu ya karatasi, "Kamanda, nikianza kuandika sijui kama kurasa hizi zitatosha." Nadhani lilikuwa neno la ushujaa kuliko yote aliyowahi kusema maishani mwake. Kamanda anaweza kumtenga mtu mmoja. Akiwatenga kumi na tisa, yeye ndiye anayebaki peke yake, na mzee yule alijua kuhesabu. Akachukua ile dengu moja kwenye ungo, akaitia mdomoni, akaitafuna.

"Chakula kinapoa," alisema.

Hapo ndipo huwa naishia, na watu hupiga makofi. Jioni ile, jua bado lipo, nilimfuata Mama Kulwa alipokuwa anasugua masufuria kwa majivu. Nilikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyeogopa sana. Nikamwambia nilimwona, nikamuuliza kwa nini, kama alitaka kumwamkia rafiki yake, alitia dengu pindoni. Nani aliyemtuma aweke ushahidi dhidi yake mwenyewe? Alinitazama kwa mshangao wa kweli, mikono imejaa majivu. "Ulisema kila mkono, mwalimu," akanijibu. "Wake si mkono?" Mwezi uliopita msibani, kabla sijaondoka, katekista, ambaye sasa anatembelea magongo, aliniita chini ya turubai akaninong'oneza kwamba ile dengu ilikuwa yake. Baadaye mama mmoja mwenye miwani, ambaye wakati ule alikuwa mke mpya kijijini, alinishika kiwiko karibu na pipa la maji akaniambia maneno yale yale. Wote wawili wamebeba siri hiyo miaka yote wakidhani ni ya kila mmoja peke yake. Nilijumlisha: hao wawili na Mama Kulwa. Watatu. Nilicheka, kisha nililia mpaka watu wakadhani namlilia marehemu.

Na hiki ndicho kipande nilichokuwa nakiacha. Siku iliyofuata Krismasi nilivaa gauni langu lile lile jipya nikavuka mbuga mchana kweupe, kwa njia kubwa, ili kila mtu anione. Nilikuwa nimeamua kumwamkia Mama Minza hadharani na kumshika mkono, na wanitenge wakitaka. Njiani nilijisikia mwepesi. Nilikuwa najiona shujaa tayari. Nilimkuta nje ya nyumba yake anageuza michembe aliyoianika juu ya jiwe, Minza amekaa kizingitini na daftari. Nikasema, "Shikamoo, mama," nikanyoosha mkono. Alisimama, akaupeleka mkono wake nyuma, akaufunika kwa khanga.

"Jana ulinipita," alisema.

"Nilikupita, mama. Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi nimeipokea. Mkono siupokei."

Nikamwambia siogopi kutengwa. Alinitazama kwa uchovu, na akazungumza kama mtu anayemweleza mtoto kitu kilicho wazi. "Wewe huogopi, una mshahara, watakuhamisha utakwenda Shinyanga mjini. Mimi nimekaa nikafikiri. Tangu Septemba mwanangu huyu anazungumza na watu wawili, mimi na wewe. Wakikutenga, wazazi watawazuia watoto wao wasije kwako, serikali itakuondoa, na darasani ataongea na nani? Rudi nyumbani, mwalimu. Pita njia ya nyuma, usionekane." Minza alikuwa ameinua macho kwenye daftari lake. Mkono wangu ulikuwa bado uko mbele, nikaurudisha polepole, nikasema "asante, mama," naye akainama kuendelea kugeuza michembe. Nilirudi kwa njia ya nyuma, nikipita katikati ya miiba, nikilia kwa hasira ya kujua kwamba mama yule alikuwa amepiga hesabu vizuri kuliko mimi.

Alitengwa miezi mingine minne, mpaka kikao kikaamua kimya kimya kwamba suala lake limekwisha. Shule ilipofunguliwa Januari haikunitosha tena kumfundisha Minza kama wengine. Kila kipindi cha hesabu nilikianza kwa kuliita jina lake, la kwanza kabla ya yote, kwa sauti ya kufika nje ya dirisha, na kila siku, kutoka kwenye dawati lake la peke yake, alisimama akaitika.